Kuli ni Ujira

Boti ya jioni kutoka Dar es Salaam ilipofunga gati Malindi, Unguja, nilikuwa na maboksi mawili ya vitabu, na sina wa kunipokea. Wachukuzi walikuwa wamejipanga kwenye njia ya kutokea, kila mmoja na fulana yenye namba mgongoni. Mbele yangu alikuwapo bwana mmoja mtu mzima, kanzu yake imepigwa pasi ikanyooka. Akamnyooshea kidole kijana aliyekuwa karibu: "We kuli, hebu njoo!" Kijana akaja. Akainama, akalishika begi, akalipandisha begani, ndipo akasema kwa upole, "Mchukuzi, mzee. Kuli hapa hakuna." Kisha akatangulia mbele.

Kijana yule alikuwa na haki yake. Mtu ana haki ya kuchagua jina la kazi yake, na neno likishatamkwa kwa kidole cha kunyooshewa huwa si neno tena. Lakini nilirudi nyumbani Miembeni na jambo moyoni, kwa sababu mimi ni mjukuu wa kuli. Babu yangu mzaa mama alibeba mizigo katika bandari hiyohiyo kwa miaka mingi, na akiulizwa kazi yake hakujibu "mchukuzi" wala "mfanyakazi wa bandari." Alijibu, "Mie kuli," kwa sauti ileile ambayo mwengine angesema, "Mie hakimu."

Kulabu yake ninayo. Ni chuma chembamba kuliko kidole cha shahada, kimepindwa mfano wa herufi ya lamu, na mpini wake wa mti umelainika kwa jasho hata unang'aa. Kwa kulabu hiyo alikuwa akilichoma gunia la mchele pembeni, akalivuta, akaliinua, na mwenziwe akalipokea upande wa pili. Gunia la karafuu halikuchomwa kulabu, alinambia, maana karafuu ikimwagika gati zima linanukia na msimamizi anapata cha kusema. Bega lake la kulia lilikuwa na kinundu kigumu kama kisigino. Tulipokuwa watoto tukipokezana kukigusa, naye akituacha.

Basi niliamua kulifuata neno lenyewe hadi lilikotoka. Nimesomesha Kiswahili skuli kwa miaka ishirini, na hata siku moja sikuwa nimejiuliza kuhusu neno lililotulisha.

Kwa Kiswahili cha leo kuli ni mtu anayepakia na kupakua shehena, hasa bandarini. Wingi wake ni makuli, na kazi yenyewe ni ukuli. Limekaa katika lugha yetu kama lililozaliwa humu, lakini lilikuja kwa bahari. Waingereza huliandika "coolie", nao hawakulitunga. Walilikuta Bara Hindi, na kabla yao Wareno walikuwa wakiliandika katika barua zao tangu karne ya 16. Nyuma ya hapo njia inagawika. Upande mmoja kuna Wakoli, jamii ya pwani ya Gujarat na maeneo jirani, ambao wengi wao walikuwa wavuvi, wanamaji na watu wa kazi za mikono, na inasemwa jina lao liligeuka kuwa jina la kila mbeba mzigo. Upande wa pili, kusini kabisa, kuna Kitamil, ambamo kuli ni ujira, malipo ya kazi ya siku. Henry Yule na A. C. Burnell, waliokusanya maneno ya Kihindi yaliyoingia katika Kiingereza wakachapisha kamusi yao iitwayo Hobson-Jobson mwaka 1886, waliyapima mawazo yote mawili. Wengine huona kwamba maneno mawili tofauti yalikutana midomoni mwa mabaharia wa Kireno yakawa moja. Neno linalopita bandari nyingi hupata baba wengi.

Lakini hilo la Kitamil lilinishika. Kuli ni ujira. Kabla halijawa jina la mtu, kabla halijawa tusi, lilikuwa ni ile pesa inayowekwa kwenye kiganja jioni.

Jinsi lilivyogeuka tusi ni kisa kirefu, na chanzo chake ni sukari. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1834, wenye mashamba ya miwa walitaka watu wa kufanya kazi ileile, na macho yao yakaenda Bara Hindi. Mwaka huohuo wa 1834 Wahindi wa mkataba wakaanza kushushwa Morisi, na baadaye wengine wakapelekwa Trinidad, Guyana, Fiji na Natal. Mtu alitia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, akafungwa miaka mitano kwa mshahara mdogo, na akitoroka shamba hupelekwa mahakamani kama mhalifu. Katika makaratasi ya serikali watu hao wote, awe mkulima, mfinyanzi, mwanamke au mtoto, waliandikwa kwa neno moja, kuli. Gati waliloshukia Port Louis, Morisi, likaitwa Coolie Ghat. Leo linaitwa Aapravasi Ghat, yaani gati la wahamiaji, na mwaka 2006 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, miaka sita baada ya Mji Mkongwe wetu.

Natal ndiko neno lilikozidi kuoza. Gandhi alipofika Durban mwaka 1893, kijana aliyesomea sheria London, Wazungu wa huko walimwita wakili wa makuli na yeye mwenyewe kuli. Kwao kila Mhindi alikuwa kuli, hata tajiri mwenye maduka. Afrika Kusini mpaka leo neno hilo halitamkwi mbele ya watu wenye adabu. Wachina nao, waliopelekwa kwa maelfu Cuba na Peru katika karne hiyo ya 19, waliliandika kwa alama zao mbili zinazosikika hivyohivyo, kuli, na alama walizochagua moja maana yake ni uchungu na ya pili ni nguvu. Nguvu chungu. Nilipoelezwa hilo nilinyamaza kidogo.

Huku kwetu Afrika Mashariki makuli wa mkataba walikuja kwa reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta Mombasa Wahindi wapatao 32,000 kujenga njia ya treni hadi Ziwa Viktoria. Karibu 2,500 walikufa, kwa maradhi, kwa ajali, na wachache kwa simba wa Tsavo, ambao ndio waliopata umaarufu. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, na wapatao 6,700 wakabaki. Neno pia likabaki.

Unguja lilibisha hodi kwenye milango miwili, kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwapo hapa tangu zamani, na kwa Waingereza walioufanya Usultani kuwa nchi ya himaya mwaka 1890. Lakini lilipoingia halikukuta nyumba tupu. Kisiwa kilichoishi kwa kupakia na kupakua kilikuwa na maneno yake ya kazi hiyo, na kila moja linaeleza hali ya aliyeitwa hivyo.

Lipo hamali, kutoka Kiarabu, mbeba mzigo. Shina lake ndilo lililotupa kuhimili na kustahimili, kwa hiyo hamali na mstahamilivu ni ndugu wa tumbo moja. Wengi wa mahamali wa zamani wa Mji Mkongwe walikuwa Washihiri kutoka Hadhramaut, na gari la hamali la mti lenye magurudumu mawili mpaka leo linasukumwa Darajani, mwenye gari akipiga kelele za kuomba njia. Lipo mpagazi, kutokana na kupagaa, yaani kubeba begani, shina lililotupa pia kupagawa, pale pepo anapompanda mtu. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alitoka Unyamwezi na pembe begani hadi Bagamoyo. Mzigo wa kawaida wa wapagazi ulikuwa karibu farasila mbili, yaani kilo thelathini na kidogo, mbali na chakula na mkeka wake mtu. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa ujira, waliokubaliana bei kabla ya kuondoka, na wakidhulumiwa njiani walikuwa wakitua mizigo. Maneno hayo nimeyapata kwa babu, "wakitua mizigo," na aliyasema kama mtu anayetaja silaha.

Na lipo kibarua. Hili nalitaka lisikilizwe vizuri, kwa sababu tunalisema kila siku bila kuliona. Kibarua ni barua ndogo, cheti. Katika Unguja ya karne ya 19 nyumba za biashara za wageni zilihitaji watu wa kuchambua sandarusi, kusafisha karafuu, kubeba pembe hadi ufukoni. Watu huru wa kazi hiyo walikuwa wachache, kwa hiyo mabwana waliwatoa watumwa wao wafanye kazi ya kutwa. Mfanyakazi alipewa kicheti, akakirudisha wakati wa kulipwa. Watu wakaanza kumwita kwa jina la kile kikaratasi alichoshika. Na malipo yakitoka hayakuwa yake yote, maana sehemu, mara nyingi kubwa, alimpelekea bwana wake. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, amri ya kuukomesha utumwa wenyewe ikatoka 1897, lakini neno halikuachwa huru. Mpaka leo mtu akipoteza kazi yake, hata awe mkurugenzi, tunasema kibarua kimeota nyasi.

Nikiyaweka maneno haya pamoja naona kitu. Hamali ametajwa kwa kubeba, mpagazi kwa bega lake, mchukuzi kwa kuchukua. Kibarua na kuli ndio pekee waliotajwa kwa malipo. Na kati ya hao wawili, kibarua ametajwa kwa karatasi ya malipo ambayo fungu lake linakwenda kwa mwengine, na kuli kwa malipo yenyewe.

Babu alivuka kuja Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1940, kama walivyovuka Wanyamwezi wengi, kuchuma karafuu. Msimu ulipokwisha hakurudi. Akapanga chumba Ng'ambo, nyumba ya udongo na makuti, na alfajiri akawa anatembea na wenziwe kuelekea bandarini, kukaa mbele ya lango kungoja kuchaguliwa. Hapo ndipo alipokutana na neno kuli, na hakulikuta kama tusi. Alilikuta kama kundi la watu. Makuli walikuwa na nyimbo zao za kuvutia mzigo, na majina ya utani ambayo wake zao hawakuyajua, na bakuli moja la uji lililopita mikono saba. Meli kubwa zilitia nanga nje, shehena ikiletwa kwa matishari, na mtu aliyejua kusimama juu ya tishari linaloyumba akiwa na gunia begani bila kushika kitu aliheshimiwa kuliko karani. Walio nje ya lango walisema kuli kwa dharau, yeye alilijua hilo. "Wao wakituita kwa pua," alikuwa akisema, "sie tukijiita kwa kifua."

Tofauti na neno jengine la Kiingereza la wakati ule, boi. Hilo babu hakulikubali hata kidogo. Boi kwao Waingereza ni mtoto wa kiume, na huku likawa jina la mtumishi wa nyumbani hata awe na mvi na wajukuu. Neno linalomnyang'anya mtu umri wake halina mlango wa kuingilia kwa fahari, nami nafurahi kwamba linakufa.

Baada ya vita vya pili vya dunia vitu vilipanda bei na mishahara ikabaki pale pale. Hali ilikuwa hiyo pwani nzima. Mombasa wafanyakazi waligoma Januari 1947, Dar es Salaam Septemba mwaka huohuo, na wao pia waliotangulia ni watu wa bandari. Habari husafiri na majahazi. Agosti 1948 makuli wa African Wharfage Company, kampuni iliyoshika kazi za bandari ya Unguja, waliacha kazi. Septemba mgomo ukawa wa mji mzima, karibu wafanyakazi wote Waafrika wakaweka chini vyombo vyao. Kwa siku kadhaa mji uliokaa kwa kuamrisha ulijikuta hauna wa kumwamrisha.

Bibi ndiye aliyenisimulia siku zile, maana babu alipenda kueleza mwanzo tu. Alisema aliamka siku ya kwanza akamkuta mumewe bado amelala na jua limechomoza, akadhani amekufa. Akamtikisa. Babu akafungua jicho moja akasema, "Leo tumetua." Walikula muhogo wa kuchemsha na chumvi kwa siku nyingi, na jirani aliyekuwa na minazi aliwapa nazi bila kuhesabu. Bibi alikuwa na mimba ya mama yangu. Aliogopa sana, aliniambia hivyo waziwazi. Nilipomuuliza walikuwa wakidai nini hasa, alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni ya nini. "Ujira," alisema. "Wakidai ujira wao."

Bibi hakukijua Kitamil. Lakini siku niliposoma asili ya lile neno nilimsikia yeye.

Kuna mtu mwengine aliyelitendea haki, naye ni Adam Shafi, mwandishi wetu aliyezaliwa Unguja mwaka 1940. Mwaka 1979 ilichapishwa riwaya yake kuhusu makuli hao na mgomo wa 1948, na jina alilolipa ni moja tu, Kuli. Mhusika wake mkuu ni Rashidi, mtoto wa kuli anayeifuata kazi ya baba yake. Sijui kitabu chengine cha Kiswahili cha zama zile kilichomtia mbeba mzigo kwenye jalada bila kumwongezea sifa yoyote ya kumpamba. Miaka minne baadaye, mwaka 1983, Wahindi nao walimfanya kuli shujaa, katika filamu ya Amitabh Bachchan iitwayo Coolie. Tuliitazama kwa video nyumbani kwa jirani, watoto chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye viti. Amitabh ni Iqbal, kuli wa stesheni ya treni, na kibati chake cha mkononi kina namba 786, hesabu ya Bismillahi. Namba ile ilipoonekana wazee walisema "Mashaallah" kwa pamoja. Babu alikuwapo, hakusema kitu, lakini aliketi wima. Huko India kwenyewe mwaka 2016 shirika la reli liliamua makuli wa stesheni, wale wa mashati mekundu, waitwe sahayak, yaani wasaidizi. Labda ni vyema. Mimi nisingependa babu yangu aitwe msaidizi. Msaidizi wa nani? Meli ilikuwa ikishushwa na yeye.

Kitabu cha Adam Shafi nilimsomea babu nilipokuwa chuo cha ualimu. Yeye alijua kusoma herufi za Kiarabu tu, za msahafu, na barua zake za Kiswahili aliandika kwa herufi hizohizo. Nikisoma barazani baada ya alasiri, yeye amekaa na kahawa, akinikatiza kila baada ya ukurasa. Hapa winchi haishushwi hivyo. Hapa sawa. Hapa kamjua huyu, hata kama jina kalibadilisha. Kuna mahali alinambia, "Rudia, mke wangu," kama alivyokuwa akiniita kwa utani tangu utotoni, na nikarudia mara tatu, naye akitazama upande wa ukuta.

Tulipomaliza akauliza, "Kitabu chenyewe kinaitwaje?"

"Kuli."

"Kuli nani?"

"Kuli tu, babu."

Akakichukua, akakigeuza mbele na nyuma. "Nioneshe palipoandikwa." Nikamwekea kidole kwenye jalada, nikamtajia herufi moja moja, naye akizifuata kwa ukucha wake mnene, mara ya kwanza kutoka kulia, kisha nikamgeuza aanzie kushoto. Hakusema zaidi siku ile.

Alifariki mwaka 2003. Tulipokuwa tukigawana vitu vyake nikaiomba kulabu, na hakuna aliyeigombea. Niliishusha msumarini, nikaifuta vumbi kwa kanga, nikahisi mikwaruzo chini ya vidole. Kwenye mpini, kwa ncha ya kisu, zimechongwa herufi nne. K yake imekaa vizuri. U imepinda kidogo kwa sababu mti una fundo pale. L imegeuka, imeangalia kushoto, kama lamu.